Somo la 7: Mtumishi wa Serikali na Kodi ya Mshahara Wake

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Hesabu 18:25-32, Mathayo 17:24-27, Mathayo 22:15-22, Warumi 13:1-7, Nehemia 5:1-19, Luka 3:10-14, Danieli 6:1-5.

Fungu la kukariri: Warumi 13:7. Lisome katika Biblia yako, linakili kwa mkono wako katika nafasi hii, na ulikariri kabla ya siku ya Jumatano.

____________________________________________

Kasumulu ni mji wa mpakani. Upande mmoja wa Mto Songwe ni Wilaya ya Kyela, upande wa pili ni Malawi. Mchana malori hupanga foleni yakingoja nyaraka, wabadilisha fedha huita wateja wa kwacha na shilingi, na bodaboda hupenya katikati yao. Usiku mto huo una wasafiri wengine, wale wasiopenda kuonana na afisa wa forodha.

Katika mji huo mwalimu wa shule ya msingi alikaa mezani mwisho wa mwezi akiwa na slipu yake ya mshahara. Shemeji yake, mfanyabiashara wa mchele, aliichukua akaisoma mstari kwa mstari.

"Shemeji, nasoma vizuri hapa? Serikali inakulipa, halafu serikali hiyohiyo inakukata kodi? Si wangekupa pungufu tu yakaisha?"

Mwalimu akasema ndivyo ilivyo kwa watumishi wote.

"Basi nisikilize," shemeji akaendelea kwa sauti ya chini. "Kuna sukari ng'ambo. Weka laki tatu, mimi nitaivusha usiku kwa mtumbwi. Usiite wizi. Unarudisha kilicho chako."

Mwalimu hakumjibu siku ile. Sabato iliyofuata aliuliza swali katika kikundi chake cha Shule ya Sabato. Habari ya sukari hakuitaja. Aliuliza moja tu: kwa nini mtu anayelipwa kwa kodi alipe kodi?

Swali hilo ndilo somo la juma hili. Ni la mwalimu, muuguzi, askari, afisa kilimo na karani wa halmashauri. Ni la washiriki wengine pia, kwa sababu mtu akishaamini kwamba ameonewa, moyo wake huanza kutafuta mahali pa kulipiza.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.


JUMAPILI
Mshahara ni Mali ya Nani?

Soma Luka 10:7. 1 Timotheo 5:18 na Yakobo 5:4. Maandiko yanasema ujira ni haki ya nani? Mwajiri anayeuzuia anahesabiwaje mbele za Mungu?

____________________________________________

Biblia haiuiti mshahara kuwa zawadi. Mtenda kazi amestahili ujira wake, na ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Kwa hiyo mwalimu aliyesimama mbele ya watoto mwezi mzima hakupewa msaada na serikali. Ameuza kazi yake, na malipo ni yake.

Hapa ndipo fumbo linapoanza kufunguka. Mwalimu ana uhusiano wa aina mbili na serikali. Kwanza, yeye ni mwajiriwa, na serikali inamdaiwa mshahara kamili. Pili, yeye ni raia mwenye mapato, kama fundi, mwenye duka au dereva wa kampuni. Serikali inapomlipa, inatimiza wajibu wa mwajiri. Anapotozwa kodi, anatimiza wajibu wa raia. Mambo hayo mawili yanaonekana kwenye karatasi moja, lakini ni mawili.

Tazama hesabu yenyewe. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtaka mwajiri, awe wa serikali au binafsi, akate kodi kabla ya kulipa mshahara na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mapato ya mwezi yasiyozidi shilingi 270,000 hayatozwi. Sehemu inayozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8; hadi 760,000 asilimia 20; hadi 1,000,000 asilimia 25; na inayozidi milioni moja asilimia 30.

Tuseme mwalimu ana mshahara wa shilingi 800,000. Kwanza hutolewa mchango wake wa pensheni katika PSSSF, asilimia 5, yaani 40,000. Zinabaki 760,000 za kukokotolewa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Shilingi 250,000 zinazofuata hutozwa 20,000. Shilingi 240,000 za mwisho hutozwa 48,000. Jumla ya kodi ni 68,000.

Shemeji aliuliza swali zuri: kwa nini asipewe 732,000 bila kodi, yakaisha? Jibu la kwanza liko kwenye uzee wa mwalimu mwenyewe. Mchango wa pensheni huhesabiwa kutoka kwenye mshahara kamili: yeye asilimia 5, mwajiri asilimia 15, jumla 160,000 kwa mwezi. Mshahara ukiandikwa 732,000, mchango huo unashuka hadi 146,400. Kila mwezi akiba yake ingepungua shilingi 13,600, bila yeye kuona mkono uliochukua.

Jibu la pili ni jirani. Ng'ambo ya barabara yuko mwalimu wa shule binafsi anayelipa kodi kwa viwango vilevile. Kama mmoja angesamehewa kwa sababu tu ya jina la mwajiri wake, sheria ingekuwa na upendeleo. Nchi nyingine zimekutana na jambo hili. Nchini Marekani, mishahara ya watumishi wa serikali za majimbo ilikuwa nje ya kodi ya mapato ya serikali kuu hadi sheria ya mwaka 1939 ilipowaingiza pamoja na wengine.

Ni kweli kwamba shilingi 68,000 zilitoka Hazina na zinarudi Hazina. Hakuna haja ya kuficha hilo. Lakini zinaporudi zimepita mikononi mwa raia, zimeandikwa kwa jina lake, na zimepimwa kwa kipimo cha wote.

Tafakari: Je, umewahi kuisoma slipu yako ya mshahara, au risiti ya ushuru wa mazao yako, mstari kwa mstari? Kuna tofauti gani kati ya kunung'unika kwa jambo unalolijua na kunung'unika kwa jambo ulilosikia?


JUMATATU
Zaka ya Zaka

Soma Hesabu 18:21-32. Walawi walilipwa kwa nini? Na wao waliagizwa kufanya nini kwa malipo hayo?

____________________________________________

Kabila la Lawi halikupewa urithi wa ardhi katika Israeli. Hawakuwa na mashamba kama ndugu zao. Ujira wao ulitoka katika zaka ambazo makabila mengine yalileta, na fungu la 31 linauita waziwazi kuwa ni thawabu ya kazi yao katika hema ya kukutania.

Mlawi angeweza kusema kama alivyosema shemeji: "Chakula hiki tayari ni zaka. Watu wamekwisha kumtolea Bwana. Mimi nitatoaje zaka katika zaka?" Mungu alilijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Mlawi atenge sehemu ya kumi ya kile alichopokea na kumpa Haruni kuhani. Tena asitoe makapi. Atoe sehemu iliyo bora.

Jambo la kuangaliwa sana liko katika mafungu ya 27 na 30. Mungu anasema sadaka hiyo ya Mlawi itahesabiwa kama nafaka ya uwanda wa kupuria na kama zao la shinikizo. Mkulima ana uwanda wake wa kupuria. Mlawi hana, lakini mapato yake yanahesabiwa sawasawa na ya mkulima. Chanzo cha malipo yake hakikumwondoa katika hesabu ya watoaji. Karne nyingi baadaye, baada ya uhamisho, watu wa Yerusalemu walilifanya upya agano hilohilo (Nehemia 10:38).

Katika kikundi kile cha Kasumulu, mzee wa kanisa ambaye ni mkulima wa kakao alimgeukia mwalimu.

"Mwalimu, mimi nikiuza kakao naleta zaka. Zaka hiyo inakwenda kumlipa mchungaji. Mchungaji naye analeta zaka. Umewahi kumsikia akisema yeye asitoe kwa sababu mshahara wake umetoka kwenye bahasha zetu?"

Watu wakacheka, na mwalimu akacheka pamoja nao. Kisha mzee akaongeza kwa upole, "Angesema hivyo, mimi ningekuwa wa kwanza kuuliza kama na yeye ni mmoja wetu."

Neno hilo lina uzito. Mlawi aliyetoa zaka alibaki kuwa Mwisraeli kati ya Waisraeli. Hakugeuka kuwa tabaka la wapokeaji lililokaa juu ya tabaka la watoaji. Mtumishi wa umma anayelipa kodi vilevile hubaki raia kati ya raia. Anapomhudumia mkulima dirishani, hamhudumii kama mtu anayelishwa na jasho la mwenzake bila yeye kuchangia.

Hata hivyo tusichanganye mambo mawili. Zaka si kodi. Zaka ni ya Bwana kwa sababu Yeye ndiye mwenye vyote. Kodi ni ya mamlaka ya nchi kwa sababu ya kazi iliyopewa kufanya. Kulipa moja hakufuti nyingine. Ndiyo maana waumini wengi walioajiriwa huhesabu zaka kabla ya makato: kwa mshahara wa 800,000, zaka ni 80,000. Wanaona kwamba kodi na pensheni ni sehemu ya maongeo ambayo Mungu amewapa, ingawa haikufika mikononi. Kila mmoja ajihoji mbele za Mungu katika jambo hili, bila kumhesabia mwenzake.

Tafakari: Ni eneo gani la maisha ambamo umejizoeza kuwa mpokeaji tu? Mungu anakuitaje urudi katika hesabu ya watoaji?


JUMANNE
Wana Wako Huru

Soma Mathayo 17:24-27. Yesu alimwuliza Petro nini kuhusu wafalme wa dunia? Ikiwa wana wako huru, kwa nini Yeye alilipa?

____________________________________________

Kodi iliyodaiwa hapa haikuwa ya Roma. Ilikuwa nusu shekeli ya hekalu, yenye mzizi katika Kutoka 30:11-16, ambako tajiri na maskini walitoa kiasi kilekile. Lakini Yesu alichukua mfano wake kwa wafalme wa dunia: je, hutoza wana wao au wageni?

Wasikilizaji wa wakati ule walijua jibu kwa uchungu. Tangu mwaka 167 K.K. raia wa Roma waliokaa Italia hawakutozwa kodi ya moja kwa moja iliyowaelemea watu wa majimbo. Roma ilikusanya kwa walioshindwa na kuwaacha wana wa nyumbani. Katika utawala wa namna hiyo, kutolipa kodi ni alama ya kuwa karibu na kiti cha mfalme.

Watu wengi hufikiri hivyo hata leo. Mtu akipata kazi serikalini huonekana ameingia nyumbani kwa mfalme, naye ategemee kula bila kuchangia. Lakini nchi ambayo wana wa nyumbani hawalipi, na mvuvi wa Matema na mama muuza ndizi wa Ipinda wanalipa, imerudi kwenye desturi ya Roma.

Sasa mwangalie Yesu. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kukataa, ni Yeye. Hekalu lilikuwa nyumba ya Baba yake. Alimthibitishia Petro kwamba Mwana yu huru. Kisha akamtuma ziwani na ndoana, akamwambia alipe kwa ajili ya wote wawili. Sababu aliyoitoa ni fupi: tusiwakwaze.

Mvuvi wa Ziwa Nyasa anaweza kuipima hadithi hii vizuri kuliko watu wengi. Petro alikuwa mvuvi kwa kazi. Yesu hakumwambia akae asubiri fedha ianguke kutoka mbinguni. Alimrudisha kwenye kazi anayoijua, na humo akakuta sarafu ya kutosha watu wawili. Aliyekuwa huru alilipa pamoja na asiyekuwa huru, kwa sarafu moja.

Hapo injili inaonekana. Kristo hakutumia cheo chake kukwepa mizigo ya watu. Aliingia chini ya mizigo hiyo. Alibatizwa bila kuwa na dhambi, alilipa bila kudaiwa, na mwisho alikufa bila kustahili. Mfuasi wake hawezi kuifanya nafasi yake kazini kuwa mlango wa kutokea.

Tafakari: Una haki gani ambayo unaweza kuiachilia kwa hiari ili mwingine asikwazwe?


JUMATANO
Dinari Mkononi

Soma Mathayo 22:15-22 na Warumi 13:1-7. Mtego ulikuwa nini katika swali la Mafarisayo? Paulo anatoa sababu gani ya kulipa kodi?

____________________________________________

Kodi iliyoulizwa mbele ya Yesu ilikuwa kodi ya kichwa. Yuda Mgalilaya aliyetajwa katika Matendo 5:37 aliinua watu siku za kuandikishwa, na kumbukumbu ya damu ile ilikuwa bado mbichi. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja (Mathayo 20:2). Aliyekuwa na mashamba mengi na aliyekuwa na jembe moja walidaiwa kwa kichwa.

Wazee wa Kyela hawahitaji kuelezwa sana juu ya kodi ya namna hiyo. Utawala wa Wajerumani ulianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza waliowafuata waliendelea kutoza nyumba na vichwa. Kodi ya mapato ililetwa Tanganyika mwaka 1940. Hata baada ya uhuru, kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, iliwakimbiza wanaume vichakani walipoona mgambo, hadi ilipofutwa mwaka 2003.

Kumbukumbu hizo zinasaidia kuona tofauti. Kodi ya kichwa huuliza, "Je, unaishi?" Kodi ya mapato huuliza, "Je, umepata, na kiasi gani?" Aliyepata kidogo sana haachiwi kwa huruma ya mtoza bali kwa sheria. Aliyepata zaidi hutoa sehemu kubwa zaidi. Kanuni hiyo haiko mbali na ile ambayo Paulo aliwapa Wakorintho kuhusu matoleo, kwamba mtu hupimwa kwa kile alicho nacho, siyo kwa asicho nacho (2 Wakorintho 8:12-14).

Yesu aliomba aonyeshwe sarafu. Wauliza swali waliitoa mfukoni mwao wenyewe. Walikuwa wakinunua na kuuza kwa fedha ya Kaisari, wakitembea katika barabara zake, halafu wakauliza kama wana deni lolote kwake. Mwalimu wa Kasumulu naye anatembea katika barabara ya lami, anampeleka mtoto zahanati, na darasa lenyewe analofundishia limejengwa kwa fedha ya umma.

Lakini jibu la Yesu lina nusu ya pili, na bila hiyo nusu ya kwanza inapotoka. Sarafu ina sura ya Kaisari, basi irudi kwake. Mwanadamu ana sura ya Mungu (Mwanzo 1:27), basi yeye mzima ni wa Mungu. Serikali inaweza kudai sehemu ya mshahara. Haiwezi kudai dhamiri, ibada, wala Sabato. Ikidai hayo, jibu liko katika Matendo 5:29.

Paulo anawaita watawala watumishi wa Mungu. Jina hilo linawapa heshima, na pia linawawekea mpaka. Mtumishi ana bwana wake, na bwana huyo atamwuliza.

Tafakari: Je, unalipa kodi kwa sababu ya hofu tu, au kwa sababu ya dhamiri pia (Warumi 13:5)? Nini kingebadilika katika maisha yako kama hofu ingeondoka?


ALHAMISI
Mtoza na Mtozwa

Soma Nehemia 5:1-19 na Luka 3:10-14. Watu walilalamika nini siku za Nehemia? Liwali huyo alifanya nini na haki zake? Yohana aliwaambia nini watoza ushuru na askari?

____________________________________________

Biblia haifichi kwamba kodi inaweza kuumiza. Katika siku za Nehemia watu walikopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme, wakaweka rehani mashamba na mizabibu, hata wakawatoa watoto wao utumwani. Samweli alikuwa amewaonya zamani kwamba mfalme atachukua sehemu ya kumi na kuwapa maakida wake (1 Samweli 8:15). Kwa hiyo muumini anayeuliza fedha ya kodi imekwenda wapi hafanyi dhambi. Anauliza swali la manabii.

Nehemia mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali ya Uajemi. Maliwali waliomtangulia walitoza watu chakula na divai, na shekeli arobaini za fedha. Yeye, kwa miaka kumi na miwili, hakula posho ya uliwali, kwa sababu utumishi ule ulikuwa mzito juu ya watu. Alijua kwamba kila kitu kilicho mezani pa mkubwa kimetoka kwenye meza ya mdogo.

Nchini Tanzania swali la fedha imekwenda wapi lina njia zake za halali. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitatozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 143 inamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye hukagua hesabu kila mwaka. Mtumishi anayelipa kodi ana miguu miwili ya kusimamia anaposoma taarifa hizo: ndani anajua kazi inavyofanyika, na nje ameweka fedha yake.

Sasa mfikirie afisa wa forodha pale mpakani. Yeye ni mtumishi wa serikali. Mshahara wake unakatwa kodi kama wa mwalimu. Tena kazi yake ni kutoza wengine. Usiku akiwaza ada ya shule ya watoto, anaweza kusema maneno yaleyale ya shemeji: "Wamenikata, nami nitajirudishia." Noti iliyokunjwa ndani ya pasipoti inamngoja asubuhi.

Watu wa kazi hiyo walimwendea Yohana Mbatizaji, naye hakuwaagiza waache kazi. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari watosheke na mshahara wao. Toba yao ilipimwa mahali pa kazi, kwenye mizani na daftari. Danieli alipochunguzwa na adui zake ofisini, hawakupata kosa lolote katika hesabu za ufalme (Danieli 6:4).

Mto Songwe una tabia ya kuhama. Mafuriko yakija hukata njia mpya, na mkulima anaweza kuamka akute shamba lake limebaki upande wa pili wa maji. Haki ya Mungu haihami hivyo. Makosa ya serikali ni makosa, na yasemwe. Lakini kosa la mwingine halisogezi mpaka wa amri ya nane.

Tafakari: Ni udhuru gani unaoutumia kujiruhusu jambo ambalo ungelikemea kwa mwingine?


IJUMAA
Jifunze Zaidi

Ellen G. White, katika Tumaini la Vizazi Vyote, anakieleza kisa cha kodi ya hekalu ndani ya sura ileile inayohusu ugomvi wa wanafunzi juu ya nani aliye mkuu. Mathayo naye ameyaweka mambo hayo jirani: Yesu analipa kodi asiyodaiwa, na mara moja wanafunzi wanauliza nani mkubwa katika ufalme (Mathayo 18:1). Soma sehemu hizo mbili pamoja, na utaona kwamba swali la kodi mara nyingi ni swali la ukuu lililovaa nguo nyingine.

Ama kuhusu mwalimu, jioni ya Sabato ile alimwita shemeji yake, akamwambia hataweka fedha katika sukari ya usiku.

"Kwa hiyo kodi imekupendeza?" shemeji akauliza.

"Haijanipendeza. Laki tatu zile nazihitaji kuliko unavyojua. Lakini shemeji, ukivusha usiku, unayemkwepa si serikali peke yake. Nitasimamaje mbele ya watoto kuwafundisha hesabu?"

Shemeji aliondoka bila kumaliza chai yake. Majuma kadhaa hakupita tena nyumbani, na mwalimu alisikia kwamba mzigo ulivuka salama na faida ikapatikana. Alimwombea kila siku, na siku nyingine maombi hayo yalikuwa mazito kinywani. Mwisho wa mwezi aliipokea slipu nyingine, na kodi ilikuwa imekatwa vilevile, shilingi 68,000. Akatenga zaka yake kwanza, kama kawaida. Kisha akahesabu kilichobaki, akaenda sokoni.

Utii haulipwi siku hiyohiyo kila mara. Mungu hakuahidi kwamba mwaminifu atapata faida kuliko mvushaji. Aliahidi kuwa pamoja naye, na dhamiri iliyo safi ni mali ambayo hakuna mtoza anayeweza kuifikia.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mwenzako anasema, "Serikali inanipa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine, kwa hiyo hainidai kitu." Kwa kutumia Hesabu 18, ungemjibuje bila kumdharau?

2. Jadilini tofauti kati ya zaka na kodi. Kuna hatari gani tukizichanganya? Kuna hatari gani tukiitumia moja kuwa kisingizio cha kutotoa nyingine?

3. Yesu alilipa ili asiwakwaze watu. Lakini mara nyingine, kama hekaluni penye wabadilisha fedha, alifanya jambo lililowakwaza wengi. Tutajuaje lini tunyamaze na kulipa, na lini tuseme?

4. Katika eneo lenu, ni vishawishi gani vinavyowakabili waumini wanaofanya kazi serikalini au wanaofanya biashara ya mpakani? Kikundi chenu kinaweza kuwasaidiaje kwa matendo, siyo kwa maneno tu?

5. Kama ungekuwa mzee wa kanisa, na shemeji yule akarudi Sabato moja na zaka ya faida ya sukari yake, ungemwambia nini?

Muhtasari: Mtumishi wa serikali hulipa kodi kwa sababu mshahara ni mali yake halali, naye ni raia sawa na wengine. Walawi walitoa zaka katika zaka, na Mwana wa Mfalme alilipa ingawa alikuwa huru. Anayemfuata hushiriki mizigo ya watu wake, hudai haki kwa njia za haki, na hurudisha kwa Mungu kile chenye sura ya Mungu, yaani nafsi yake yote.